Jinsi ya Kulala Vizuri Katika Joto la Dar es Salaam

Mwili haupati usingizi mzuri kabla haujaanza kupoa. Kila jioni joto la ndani hushuka kidogo, na damu nyingi zaidi hupita kwenye ngozi ya mikono na miguu ili joto lipate pa kutokea. Msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hewa ya Dar es Salaam hujaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki, na mtu aliyechoka hujikuta akigeuza mto hadi alfajiri.

Anza na ukuta. Saa nne usiku weka kiganja kwenye ukuta unaopigwa na jua la magharibi: tofali za saruji bado zina uvuguvugu, na huo ndio unaokuchemsha usiku. Sogeza kitanda mbali nao, na mchana funga pazia la upande huo. Jua likishazama na nje kukipoa kuliko ndani, fungua madirisha yanayotazamana, kisha elekeza feni nje kupitia dirisha mojawapo kwa muda wa nusu saa ili isukume hewa ya moto itoke, ndipo uigeuzie kitandani.

Wapo wanaomwaga maji sakafuni ili chumba kipoe. Dodoma, ambako hewa ni kavu, mbinu hiyo husaidia. Dar es Salaam huongeza unyevu tu.

Chandarua kisiondolewe kwa kisingizio cha joto. Chagua cha pembe nne, ambacho hakikugusi mwili, na uweke feni ya kusimama karibu, kwenye kimo cha godoro, kwa sababu wavu hupunguza nguvu ya upepo. Mlio wake pia hufunika kelele za jirani. Taa zizimwe, simu iwekwe mbali.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Anayeushughulisha mwili mchana kwa kawaida hulala mapema na fofofo zaidi. Mimi napendelea alfajiri, kabla jua halijakolea, lakini jioni si vibaya iwapo mazoezi mazito, kama kukimbia au mpira, yataisha saa moja au mbili kabla ya kulala, kwani huongeza joto lile lile unalotaka lishuke.

Ukichelewa kurudi mazoezini, tembea polepole dakika chache za mwisho, kisha uoge maji ya uvuguvugu. Maji ya baridi sana huburudisha kwa muda mfupi, ila hubana mishipa ya ngozi na kulizuia joto ndani, ilhali yale ya tangi la plastiki lililopigwa na jua kutwa yanafaa yalivyo.