Nakala za faili baada ya kusasisha Windows: kuzikagua, kuzirudisha na kuzipanga upya

Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi hapa Amu zimehamishiwa Windows 11, na wanaofika dukani Langoni na kompyuta zao wanauliza swali moja: faili zangu ziko wapi, na mbona diski ya akiba haina kitu? Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia maalim mmoja wa Mkomani, ambaye kompyuta yake ina matokeo ya mitihani ya madrasa, orodha za wanafunzi na picha za hati za kale za ukoo wake. Baada ya sasisho, folda ya Documents ilikuwa tupu, na diski ya nje iliyopokea nakala kila jioni nayo ilikuwa tupu. Faili zote zilipatikana, kwa sababu maalim hakugusa chochote mpaka tulipoketi pamoja mbele ya kompyuta hiyo.

Nachukulia kwamba msomaji anajua kufungua folda, kunakili faili na kuingia katika Settings.

Hatua ya kwanza: Chomoa diski ya akiba

Kabla ya kutafuta faili yoyote, toa diski ya nje kwa utaratibu uliozoeleka, kisha zima kazi zote za kunakili zinazojiendesha zenyewe, ikiwemo File History, kifaa cha Windows cha kunakili faili kwenye diski nyingine kila baada ya muda. Kazi hizo hazijui kwamba kompyuta imebadilika, na zikiachwa ziendelee zinaweza kufunika nakala nzuri za mwezi uliopita kwa hali mbovu ya leo.

Vilevile usiendeshe programu yoyote ya kusafisha diski. Windows inapopandishwa toleo, mfumo wa zamani huwekwa katika folda ya C:\Windows.old, na kwa kawaida folda hiyo hufutwa na mfumo wenyewe baada ya siku 10. Fungua C:\Windows.old\Users, na ukikuta humo folda yenye jina lako na faili ndani yake, inakili yote leo hii kwenye diski nyingine.

Hatua ya pili: Hakikisha umeingia katika akaunti yako halisi

Ikiwa picha ya nyuma ya skrini imebadilika, alama zote ulizopanga zimetoweka na kila programu inakusalimu kana kwamba umeinunua leo, huenda umeingizwa katika akaunti ya muda. Usihifadhi kitu humo, kwa maana kila kilichomo hufutwa unapotoka. Fungua C:\Users uone majina ya folda: ukiona jina lako limeongezewa .000 au .bak mwishoni, faili zako kwa kawaida zimo humo. Mnamo Februari 2020, watumiaji wa Windows 10 waliripoti hali ya namna hii baada ya sasisho lililopewa namba KB4532693, na wengi wao waliodhani kwamba wamepoteza kila kitu walikuwa na faili zao zote chini ya jina lililogeuzwa. Kuwasha kompyuta upya, hata zaidi ya mara moja, mara nyingi humrudisha mtu katika akaunti yake.

Hatua ya tatu: Jua faili zako zinaishi wapi sasa

Hatua hii ndiyo iliyokula saa nyingi katika kazi ya maalim, na ningemwomba msomaji aisome yote hata kama anaona faili zake zipo salama.

Katika Windows, folda ya Documents unayoiona upande wa kushoto wa dirisha ni kiashiria tu cha mahali fulani ndani ya diski, na mahali hapo panaweza kubadilishwa bila jina kubadilika. Zamani palikuwa C:\Users\jina\Documents. Baada ya sasisho kubwa, mfumo mara nyingi humwonyesha mtumiaji kurasa za maandalizi, na mojawapo hupendekeza folda zake zihifadhiwe mtandaoni kupitia OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi faili. Anayekubali, na wengi hukubali kwa sababu wana haraka ya kuifikia kazi yao, huhamishiwa Documents, Pictures na eneo-kazi (Desktop) hadi ndani ya C:\Users\jina\OneDrive. Machoni pake hakuna kilichobadilika, ilhali kila amri ya kunakili iliyoandikwa kwa anwani ya zamani sasa inasoma folda iliyobaki tupu. Mambo huchanganyika zaidi huduma hiyo ikija kuzimwa baadaye: Documents hurudi mahali pa zamani, lakini faili zenyewe zaweza kubaki ndani ya folda ya OneDrive.

Ili kujua ukweli, bofya kwa kitufe cha kulia faili moja unayoifahamu, chagua Properties, na usome mstari wa Location. Usiipime folda pekee. Pima faili iliyo ndani yake. Fanya hivyo kwa Documents, kwa Pictures na kwa eneo-kazi, kila moja peke yake, kwa kuwa yawezekana moja imehama na nyingine haikuhama. Andika anwani hizo kwenye karatasi, kwani utazihitaji katika hatua ya tano.

Ukigundua kwamba faili zimo ndani ya OneDrive, kuna tahadhari kadhaa. Kwanza, alama ya wingu kando ya jina la faili maana yake ni kwamba faili hiyo iko mtandaoni tu, na File History haiinakili faili ya namna hiyo; bofya folda kwa kitufe cha kulia na uchague iwekwe daima katika kompyuta hii, kisha usubiri mpaka alama zote ziwe za kijani. Kwa anayetumia bando la simu, upakuaji huo waweza kumaliza bando lote, kwa hiyo ni bora kuufanya penye intaneti ya waya. Pili, akaunti ya bure ina GB 5 tu, na ikijaa, faili mpya hazipandi tena mtandaoni ingawa bado unaziona kwenye kompyuta. Tatu, OneDrive haitoshi kuwa nakala yako ya akiba: faili ukiifuta hapa hufutwa na kule, na kwa akaunti za binafsi hubaki katika kapu la taka la mtandaoni kwa siku 30 pekee.

Suala hili la anwani si dogo. Mnamo Oktoba 2018, Microsoft ilisitisha usambazaji wa toleo 1809 la Windows 10 siku chache tu baada ya kulitoa, kwa kuwa faili za baadhi ya watumiaji zilikuwa zimefutwa. Chanzo kimoja kilikuwa hicho hicho: walikuwa wamehamisha folda zao hadi mahali pengine huku wakiacha faili katika anwani ya zamani, na sasisho likaifuta folda ya zamani kana kwamba ni ya ziada. Toleo lilitolewa upya mwezi Novemba likiwa limerekebishwa. Kwa hiyo kila folda muhimu na iwe na anwani moja tu, isibaki nusu huku na nusu kule.

Hatua ya nne: Zisome nakala za zamani bila kuzirudisha

Sasa unganisha diski ya akiba. Aliyekuwa akitumia File History atakuta folda ya FileHistory, ndani yake jina la mtumiaji, kisha jina la kompyuta, kisha Data. Ikiwa jina la kompyuta au la mtumiaji lilibadilika wakati wa kusakinisha upya, kutakuwa na matawi mawili, na tawi la zamani halionekani katika dirisha la kurudishia faili ingawa limo ndani ya diski. Lifungue kwa mkono. Kila faili imeongezewa tarehe na saa, kwa mfano Matokeo (2025_11_03 13_00_12 UTC).xlsx. Saa hizo ni za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Faili iliyonakiliwa saa kumi alasiri huandikwa 13.

Nakili unachohitaji kwenye folda mpya. Usikirudishe juu ya folda iliyopo mpaka umelinganisha.

Hatua ya tano: Andika upya amri ya kunakili

Mimi napendelea robocopy, amri ya kunakili faili ambayo imo ndani ya Windows tangu Windows Vista, kuliko File History na kuliko programu zote za kununua ambazo nimewahi kuzisakinisha kwa wateja. Hutoa faili za kawaida ambazo kompyuta yoyote inaweza kuzifungua, na sasisho haliwezi kubadilisha muundo wake. Ile ya maalim sasa ni hii:

robocopy "C:\Users\maalim\OneDrive\Documents" "R:\Nakala\Documents" /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG+:R:\kumbukumbu.txt

Amri yake ya awali ilikuwa na /MIR, ambayo huifanya diski ya akiba ifanane kabisa na chanzo. Chanzo kilipohama na anwani ya zamani kubaki tupu, amri ilitii na kuifanya diski iwe tupu vilevile. Siiweki /MIR katika kompyuta ya mtu yeyote. Kwa /E, faili zilizofutwa kwenye chanzo hubaki kwenye nakala na diski hujaa mapema zaidi, lakini diski iliyojaa hurekebishika. Weka pia /R na /W, kwa maana bila hizo robocopy hujaribu tena mara milioni moja ikisubiri sekunde 30 kila mara, na faili moja iliyofungwa na programu nyingine hukwamisha kazi nzima usiku kucha. Mara ya kwanza ongeza /L mwishoni, ili ikuonyeshe itakachofanya bila kugusa kitu.

Herufi ya diski nayo hubadilika, hasa ukichomeka fleshi kabla ya diski. Katika Disk Management ipe diski herufi ya mbali kama R, na usiibadilishe tena.

Katika Task Scheduler, programu ya Windows inayoiendesha amri hiyo kwa ratiba, usiutegemee mstari wa matokeo peke yake. Robocopy hurudisha namba 0 pasipo kitu kipya na 1 faili zinaponakiliwa vizuri. Kushindwa huanzia 8. Hivyo 0x1 inayowatisha wengi ni habari njema, na 0x0 ya kila siku kwa mtu anayefanya kazi kila siku ni ishara kwamba amri inasoma folda isiyo sahihi.

Hatua ya sita: Ufunguo wa usimbaji

Kompyuta mpya nyingi husimba diski kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski kwa ufunguo wa siri, bila mwenyewe kujua. Tafuta ufunguo wa tarakimu 48 katika akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae mbali na kompyuta.

Hatua ya saba: Jaribu katika kompyuta nyingine

Chukua diski ya akiba hadi kompyuta ya jirani na ufungue faili tatu: iliyohaririwa jana, ya mwaka uliopita, na kubwa kuliko zote. Kuona majina hakutoshi; fungua kila moja mpaka mwisho. Rudia hivyo baada ya kila sasisho kubwa, kabla ya kuruhusu kazi ya kila jioni iendelee.

Kisha tengeneza diski ya pili. Nyumba za Mkomani zimeshikana ukuta kwa ukuta, na moto wa nyumba moja ni hatari kwa mtaa mzima. Ya maalim iko kwa dada yake Mokowe, ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana na vifuko vya kunyonya unyevu, kwa sababu hewa ya chumvi hula vichwa vya USB. Huiagiza kila mwisho wa muhula, akainakili upya na kuirudisha.