Kabla ya kulipia furshe ya resori, ikalie kwanza

Wandugu wa Goma, mkitafuta furshe (uma wa mbele unaoshika gurudumu) yenye resori (springi) ya chuma kwa baiskeli ya milimani, msianze na rangi. Anzeni na kilo zenu. Resori haipulizwi kama furshe ya hewa; ugumu wake ni ule iliotoka nao kiwandani. Kile kitufe cha juu kinachozungushwa huongeza mkazo wa mwanzo tu, hakiigeuzi resori laini kuwa ngumu.

Fanya hivi: funga uzi wa mpira kwenye bomba linalong'aa, uusukume mpaka chini. Panda taratibu, kaa kama unavyoendesha, shuka, kisha pima mpira umepanda kiasi gani. Kwenye furshe ya milimita 120, milimita 25 hadi 30 ni nzuri. Ukipata 10, resori ni ngumu mno kwako. Ukipata 50, ni laini mno. Dai resori nyingine.

Kwa mawe yetu ya volkano mimi naichagua resori, hata kama ni nzito. Inaitikia kila kijiwe na haina hewa ya kuvuja katikati ya safari.

Ukinunua ya mitumba, pitisha ukucha kwenye bomba. Ukikwama kwenye mkwaruzo, iache, maana mkwaruzo huo utakata mpira wa kuzuia vumbi, na vumbi letu jeusi linasaga kama msasa. Kisha ibane kwa nguvu na uiachie: ikiruka juu na kugonga, kizuia-mrudisho, kile kinachoifanya irudi juu taratibu, kimekufa.

Pima pia unene wa bomba la usukani, lile la juu linaloingia kwenye fremu, ujue kama litaingia kwenye yako. Jembamba lililonyooka huwa milimita 28.6.