Jinsi ya kuandika resipi yenye sayansi ndani

Ukitaka kuandika kitabu cha mapishi kinachoeleza sayansi anza na swali moja dogo, mfano kwa nini nyama inagoma kuwa kahawia kwenye kikaango. Jibu ni maji. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, ile rangi ya kahawia na harufu yake inaanza kuja kwa kasi kwenye nyuzi kama 140 hivi, kwa hiyo nyama ikiwa na majimaji juu moto wote unaishia kuyakausha kwanza. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndo alieleza kemia hiyo mwaka 1912.

Sasa usiishie kusoma, jaribu. Kata vipande viwili sawa, kimoja kifute mpaka kikauke kabisa, kingine kiache na maji yake, kisha viweke kwenye moto uleule. Badilisha kitu kimoja tu maana ukibadilisha viwili hutajua kipi kimeleta tofauti, hapa ndo kazi yenyewe ilipo na mi naona wengi wanapaharakisha mno. Tega na sikio pia, kikavu kinalia shaaa mara moja, chenye maji kinatoa mvuke kwanza. Andika palepale, usitegemee kichwa.

Halafu pima kwa gramu jamani! Kijiko cha chumvi laini ni kizito kuliko cha chumvi ya chenga kubwa, msomaji anaharibu chakula kumbe kosa ni la mwandishi.

Resipi ikishakaa sawa mpe mtu aipike wewe ukiwa kimya pembeni, kila anaposita pawekee alama upaandike upya.