Bomba la Maji Taka Uingereza: Kabla Hujalipa, Uliza ni la Nani

Wengi wetu wa Malindi tumekulia na shimo uani. Likijaa unaita gari la kunyonya; likiziba, fundi anafunua chemba, anapitisha ufito, basi. Mwenye nyumba analipa na hakuna mjadala. Ukija Uingereza na hesabu hiyo, utaliwa pesa mchana kweupe kama nilivyoliwa mimi.

Choo kilianza kurudisha maji. Fundi aliyejitangaza kwa "kamera bure" akaja, akasukuma waya, akanionyesha kwenye skrini mizizi na ufa, kisha akatoa karatasi nisaini palepale mlangoni. Ilikuwa bei ya kutoa jasho. Bomba limeshachimbwa na pesa zimeshakwenda ndipo jirani akaniambia kuwa pale panapita maji ya nyumba zetu zote. Yaani halikuwa langu. Yule fundi alilijua hilo vizuri sana, na pesa hazikurudi.

Sikilizeni hapa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2011, kwa England na Wales, mabomba ya maji taka yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja na kuingia kwenye mtandao wa mabomba ya umma yalikabidhiwa kampuni za maji, hata yakipita chini ya ua wako. Hata lile la nyumba yako peke yake, likishavuka mpaka wa kiwanja, kwa kawaida ni lao. Lako ni lile la ndani ya mpaka, linalobeba maji yako tu. Kwa hiyo piga simu kwa kampuni ya maji kwanza. Si manispaa, si fundi wa mtandaoni. Kampuni ya maji kwanza!

Njia rahisi ya kupima: funua chemba, mwombe jirani avute maji ya choo chake. Yakipita mbele ya macho yako, bomba ni la pamoja. Kazi ni kumgongea huyo jirani. Huku mtu hukupungia mkono miaka na miaka bila kujua jina lako. Kwetu Shela jirani angejua choo chako kimeziba kabla hujajua mwenyewe.

Ami yangu alinipigia simu akauliza, "Kwani Ulaya choo si cha serikali?" Hapana, ami. Na wewe binamu uliyefika juzi, ukaona fulana yenye nembo ukaamini: nembo hata sokoni Malindi hushonwa.

Ikithibitika bomba ni lako, hapo kamera ina faida kubwa. Lisafishwe kwanza kwa maji ya kasi, maana mafuta na mizizi huficha nyufa. Dai video nzima, yenye tarehe, anwani, mita zikihesabika, na imeandikwa imetoka chemba ipi kwenda ipi. Faili libaki kwako. Ukionyeshwa dakika moja kwenye simu yake, utajuaje kama ni bomba lako? Ripoti nzuri hupanga hali ya bomba kuanzia 1 hadi 5, na 5 ndiyo mbaya. Muhimu zaidi, anayepiga picha asiwe ndiye anayeuza ukarabati. Chukua faili umpelekee mwingine akupe bei.

Usisaini mlangoni. Mkataba uliosainiwa nyumbani kwa kawaida una siku 14 za kuuvunja, lakini ukimwita fundi mwenyewe kwa ukarabati wa dharura, haki hiyo inaweza isikuhusu. Wao wanalijua hilo, ndiyo maana kila kitu kwao ni dharura.

Bima ya nyumba mara nyingi hugusa bomba lililovunjika kwa ajali, si lililochakaa, soma.

Unayenunua nyumba, ripoti ya mkaguzi wa kawaida haiingii ndani ya bomba. Kama pana miti mikubwa, au nyumba ni ya miaka ya 1950 hadi 1970, lipa kamera kabla ya kufunga mkataba. Enzi hizo walitumia mabomba ya nyuzi za mbao zilizoloweshwa lami, na hayo hubonyea.

Watu wa huku husifika kwa usafi, lakini mwaka 2017 chini ya Whitechapel, London, lilikutwa donge la mafuta na vitambaa vya kufutia watoto, tani 130, urefu wa mita 250. Kipande chake wakakiweka makumbusho! Nasi tusijione, na viazi karai vyetu kila Jumamosi. Yaache mafuta yapoe, yamimine koponi, yaende na taka.