Jinsi ya kuzipima Spider-Man tatu za Tobey ujue ipi kali kweli

Kaa kijiweni pale Sinza uulize ipi kali kati ya Spider-Man za Tobey Maguire, ya 2002, ya 2004 na ya 2007, utasikia makelele tu, huyu anataka ya tatu kisa ina Venom, yule adui mweusi, yule anasema ya kwanza ndo mwanzo wa yote, halafu ukichunguza unakuta wengi waliziona wakiwa watoto na hawajawahi kuzirudia. Mi nazipenda hizi muvi, naumia zikihukumiwa hivyo. Kwa hiyo fanya hivi.

Zote tatu dairekta ni Sam Raimi na steringi ni yuleyule, ndo maana zinalinganishika. Za Andrew Garfield na Tom Holland zipange kivyake. Nenda wakuwekee kwenye flashi, ila omba zenye sauti yake ya asili, sio za kutafsiriwa na mtu anayeongea Kiswahili juu yake. Watafsiri nawaheshimu sana, wametukuza kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea muvi mtaani, lakini mtafsiri mzuri anaweza kuichangamsha sehemu iliyolala, we ukadhani muvi ndo kali kumbe ni mdomo wake. Angalia kwa mpangilio, ndani ya wiki moja, simu weka mbali.

Sasa kipimo changu kikubwa ni hiki: steringi anapoteza nini? Kupigana wanapigana kote. Ila kwenye ya 2004 Peter, yaani Spider-Man mwenyewe akiwa bila maski, anafukuzwa kazi ya kupeleka piza, kodi anadaiwa, nguvu zenyewe zinaanza kumkatikia, kwa hiyo ikifika ile sehemu anapoizuia treni usiangalie spidi, angalia suti inavyochanika, maski kashaivua, meno kayauma, utando kaushika mikono yote miwili mpaka treni inasimama reli imeishia hapohapo, halafu anazimia, mikono ya abiria inamdaka kabla hajaanguka, wanampitisha juu ya vichwa vyao mpaka ndani, wanamlaza, wanaona kumbe ni kijana mdogo tu. Aisee. Hapo unaelewa kalipa nini.

Halafu weka ya 2007. Hesabu maadui: Harry rafiki yake Peter, Sandman yule mtu wa mchanga, Venom, na Venom mwenyewe anatokea mwishoni kabisa, hujamzoea keshakufa. Lakini tenda haki bana. Kuna pale Sandman anazaliwa, chembe za mchanga zinajikusanya taratibu, anainuka, anaanguka, mkono unataka kuokota kidani chenye picha ya mwanae unamwagika wote, anajaribu tena. Hakuna anayeongea. Hiyo sehemu mi naiweka juu ya chochote kilichomo kwenye ya kwanza. Ndo maana nasema andika maksi sehemu kwa sehemu, usiitupe muvi nzima kwa sababu imekuboa mwisho.

Mapato usiyafuate, ya 2007 iliingiza hela nyingi duniani kuliko ya 2004, watu walikuwa washaipenda iliyotangulia wakaenda kwa imani.

Ukimaliza zote kaa siku tatu bila kuzigusa, kisha andika kwa kichwa sehemu unazozikumbuka, ulinganishe na zile maksi zako. Mi kwangu ya 2004 ndo ya kwanza, inafuata ya 2002, ya 2007 mwisho. Na mpaka leo nikipanda basi la mwendokasi la Kimara jioni, limejaa, watu wameshikilia vyuma juu, ile mikono ya kwenye treni inanijia.