Dakika sita za korido: namna ya kumpima mgonjwa katika jaribio la dawa ya presha ya mapafu

Mimi ni muuguzi, na katika jaribio la dawa nilipewa kazi ya kuwatembeza wagonjwa kwa dakika sita na kupima mita walizotembea. Usiidharau. Sildenafili ilipojaribiwa kwa watu 278 wenye presha ya mapafu, matokeo yakachapishwa mwaka 2005, waliomeza dawa kwa wiki 12 waliwapita waliomeza vidonge visivyo na dawa kwa mita 45 hadi 50. Hiyo ni korido moja na nusu tu. Ukipima ovyo, mita hizo hutaziona.

Tafuta korido tambarare ya mita 30, isiyo na wapita njia. Weka koni kila mwisho, tia alama sakafuni kila mita 3. Korido fupi ina kona nyingi, na kila kona inamla mgonjwa hatua. Kiti na oksijeni viwe karibu.

Avae viatu alivyovizoea, awe amekula kidogo na kumeza dawa zake za kila siku. Apumzike kitini dakika 10, kisha pima mapigo, presha na oksijeni. Mapigo yakizidi 120 naye ametulia, usimtembeze, mwite daktari. Muulize pumzi inambana kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Kama anatembea na mtungi, andika kiwango cha oksijeni na nani anaubeba, maana safari ijayo lazima iwe vilevile.

Mwambie atembee kadiri awezavyo bila kukimbia. Akichoka asimame, aegemee ukuta, saa haisimami.

Sasa mdomo wako. Mama mmoja, rika la mama yangu mzazi, alisimama dakika ya nne. Huruma ikanishika, nikasema, "Jikaze mama, bado kidogo!" Akajikaza. Mita alizoongeza hazikuwa za dawa, zilikuwa zangu, na ilinibidi niliandike hilo kwenye fomu. Kila dakika sema maneno yaleyale, kwa sauti ileile: "Unaendelea vizuri. Zimebaki dakika tano," kisha nne, hivyo hivyo hadi mwisho. Basi. Wala usitembee sambamba naye, atafuata mwendo wako.

Akiumwa kifua, akipepesuka, au akitoka jasho huku amepauka, simamisha, mkalishe, ita daktari.

Muda ukiisha, asimame hapohapo. Mpelekee kiti, asikifuate yeye. Tia alama alipokanyaga, muulize tena ile pumzi, hesabu mizunguko, kila mmoja mita 60, ongeza kipande cha mwisho, uandike kabla hujaondoka hapo.