Somo: Kupima ushindiliaji wa tabaka la barabara kwa kifaa cha gama

Lile boksi la njano lenye mpini mrefu, ambalo vibarua saiti hulikimbia, lina chembe ya sesiamu-137 kwenye ncha ya fimbo yake. Upande wa pili, chini, kuna vihesabio vinavyohesabu miale ya gama iliyopenya. Tabaka likishindiliwa vizuri, miale mingi hukwama humo: hesabu ikishuka, densiti (kilo kwa mita ya ujazo) imepanda.

1. Asubuhi weka kifaa juu ya tofali lake la rejea, mbali na magari na kuta, upige hesabu ya dakika 4. Ikipishana na wastani wa siku 4 zilizopita kwa zaidi ya 1%, rudia.

2. Sawazisha mahali. Hapa ndipo wengi huharibu. Mimi huzungusha bamba la chuma juu ya kifusi, natia vumbi lake kwenye vishimo tu, nafuta lililozidi. Mwanya mdogo chini ya kifaa unatosha kukudanganya.

3. Gongelea pini wima, ipite kidogo kina unachopima. Ichomoe kwa kuizungusha. Ukiitikisa tundu linapanuka.

4. Shusha fimbo, tuseme mm 150. Vuta kifaa kuelekea upande wa vihesabio mpaka fimbo iguse ukuta wa tundu. Soma dakika 1.

5. Densiti mbichi (pamoja na maji) 2,150, unyevu 7.5%: densiti kavu ni 2,150 ÷ 1.075 = 2,000. Kama upeo wa densiti kavu wa maabara ni 2,080, umefika 96.2%.

MASWALI

Fundi, lami yangu ni mm 40 tu. Nitoboe?
Usitoboe. Fimbo ibaki juu, usome miale inayorudi. Ila sehemu ya jibu hutoka tabaka la chini. Ikiwa mchango wake ni 0.2, umesoma 2,280 na chini ni 2,150: 0.2 × 2,150 = 430, kisha (2,280 − 430) ÷ 0.8 = 2,312. Mchango huo hutegemea unene. Tazama jedwali la kifaa chako.

Kwenye tabaka lililochanganywa saruji, unyevu wa kifaa unazidi wa oveni. Ni kibovu?
Hapana, kaka. Unyevu kifaa hukipima kwa nyutroni, na hizo huonyesha haidrojeni yote, si ya maji tu, hata iliyofungwa ndani ya saruji. Kausha sampuli, uingize tofauti.

Mke wangu mjamzito anaogopa nikirudi nyumbani.
Mwambie sesiamu imefungwa ndani ya kapsuli, haigandi kwenye nguo. Kazini vaa beji ya kupima mionzi. Ukitoka mita 1 hadi 2 kutoka kwenye kifaa, dozi ya mionzi hubaki robo. Mimi ninachoogopa zaidi ni rola linalorudi nyuma. Simama hatua chache pembeni, umpungie dereva, na chai isubiri.